Majibu ya Namba Shufwa

Vitabu vya aljebra vya kwetu Nebraska vina majibu nyuma, kwenye kurasa za mwisho, lakini ni ya namba witiri tu. Swali la kwanza lina jibu, la pili halina, la tatu linalo. Aliyebuni utaratibu huo alitaka mwanafunzi ajipime kwa nusu ya maswali na atoke jasho kwa nusu nyingine. Hakumfikiria mwalimu asiyejua hesabu.

Mwalimu mwenyewe ni mimi, Lyle Hansmeier, kocha wa mieleka wa shule ya sekondari ya Bessner kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Katika miji midogo kama wetu, kocha haachwi awe kocha tu. Shule haiwezi kumlipa mtu mzima ashinde akitazama watoto wakigaragazana, kwa hiyo anabebeshwa na somo. Mimi nilikuwa nafundisha watoto kuendesha gari, kazi niliyoiweza vizuri, maana inahitaji mguu mwepesi wa breki na moyo mgumu. Kisha Bi Pruitt wa hesabu akastaafu, akahamia Arizona kwenye joto. Tangazo la kazi likakaa miezi mitatu bila mtu kuomba. Mwezi wa nane Bi Ostergaard, mwalimu mkuu, akaniita ofisini.

"Lyle, wewe si ulisoma aljebra?"

"Kila mtu alisoma aljebra," nikamjibu, nikadhani nimefanya utani.

Jibu hilo ndilo lililoniponza. Wiki ya pili nilikuwa nimesimama mbele ya watoto ishirini na wawili wa darasa la tisa, chaki mkononi, kijasho kikinitoka.

Milinganyo mifupi niliimudu. Nilikuwa nachungulia jibu nyuma ya kitabu, kisha narudi nalo kinyumenyume mpaka nifike kwenye swali. Mafumbo ndiyo yaliyonitoa knockout. Mabomba mawili yanajaza tangi, moja linavuja. Baba ana umri mara tatu ya mwanawe, baada ya miaka kumi atakuwa mara mbili. Nikifika mwisho wa fumbo nimeshasahau mwanzo wake. Basi nikawa nawapa watoto namba witiri tu, wiki baada ya wiki, nikijitia nina mpango maalumu.

Watoto si wajinga. Siku moja mwezi wa kumi, Braden, kijana wangu wa uzani mwepesi kwenye mieleka, akanyoosha mkono.

"Kocha, hizi namba shufwa zimekukosea nini?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Kiburi kikanipanda kichwani nikasema, "Kesho mnaleta shufwa zote. Kuanzia mbili mpaka ishirini. Tuone nani atacheka."

Baada ya mazoezi, watoto walipokwisha kwenda zao, nikakaa juu ya mkeka wa mieleka uliokunjwa, nikafungua simu. Kuna tovuti moja ambako watu wanabandika maswali yao ya hesabu na watu wengine wanayajibu bure, kwa kupenda tu. Nilikuwa nimewasikia watoto wakiitaja. Ili kujiandikisha unaulizwa umri. Nina miaka arobaini na saba, nina mke, nina nyumba na mishipa ya goti iliyoshonwa mara mbili. Nikaandika kumi na minne. Jina nikajipa Nyati. Kisha nikabandika swali la pili, na ili nionekane mtoto kweli, nikaongeza maneno yangu: "Naombeni msaada. Mwalimu wetu ni kocha wa mieleka, hajui kitu."

Nilikusudia iwe kificho. Nilipoisoma tena, nikaona ndiyo sentensi pekee ya kweli niliyoandika tangu shule ifunguliwe.

Aliyenijibu alijiita Korongo. Hakunicheka, wala hakunipa jibu nikanakili nikaondoka. Aliandika: "Usikimbilie x. Kwanza tujiulize, kila kitu kinaleta nini?" Akanionyesha hatua moja, akaniachia inayofuata, akaniambia nijaribu halafu nirudi. Nilirudi na upuuzi. Akasema, "Karibu. Umechanganya muda na mwendo, kila mtu anachanganya hapo." Dakika arobaini baadaye nilikuwa nimepata jibu, na nakwambia ukweli, nilisimama pale peke yangu nikapiga makofi.

Tangu siku hiyo sikulala na swali. Nilikuwa nabandika saa kumi na nusu jioni, Korongo anajibu kabla ya saa kumi na moja, na kesho yake asubuhi maneno yake yanatoka kinywani mwangu mbele ya darasa. "Jamani, tusikimbilie x. Kila kitu kinaleta nini?" Watoto wakaanza kuelewa. Bi Ostergaard akachungulia mara mbili kupitia kioo cha mlango, na kwenye kikao cha walimu akanisifu mbele ya wenzangu wote. "Lyle, kumbe ulikuwa umetuficha kipaji." Nikasema asante. Nikashukuru kwa mdomo mpana kabisa, bila hata kumeza mate.

Sasa nije kwa Corinne Vavra, maana hapo ndipo ninapotaka kufunika uso.

Huko kwetu mtoto haji shule peke yake. Anakuja na kaka zake wote waliomtangulia, hata kama walishamaliza miaka mingi. Dwight Vavra na Rudy Vavra walikuwa wanamieleka wangu, wana nguvu za ng'ombe, na kila mmoja alirudia aljebra mara mbili na bado ikamshinda. Siku ya kwanza nilipoita majina nikafika kwa msichana mrefu aliyekaa nyuma karibu na kipasha joto, nikasema kwa sauti, "Vavra? Mwingine tena? Mungu nisaidie." Darasa likacheka. Yeye akatazama meza. Hakunyoosha mkono siku hiyo, wala mwezi huo, nami sikumwita hata siku moja. Kazi zake za nyumbani zilikuwa sahihi, nikajiambia anasaidiwa na mtu.

Mwezi wa kumi na mbili ukaja mtihani wa muhula. Bi Ostergaard alitaka kila mwalimu atunge angalau swali moja linalohusu maisha ya hapa, lisilotoka kitabuni. Hapa maisha ni mahindi na nguruwe. Mimi baba yangu alikuwa na kituo cha petroli, nguruwe nawajua wakiwa wamekaangwa. Lakini nikatunga: Mfugaji ana mahindi yenye protini asilimia tisa, na mashudu ya soya yenye protini asilimia arobaini na nne. Anataka ratili mia saba za chakula chenye protini asilimia hamsini. Achukue kiasi gani cha kila kimoja?

Nikampelekea Korongo nikisema ni kazi ya nyumbani. Jibu likaja likiwa na alama za kicheko.

"Nyati, hata ukichanganya mpaka mwakani hutapata hamsini! Kikubwa ulichonacho ni arobaini na nne, hiyo hamsini itatoka wapi? Mwambie mwalimu wako aweke kumi na sita. Ndicho chakula cha nguruwe wanaokua, na hesabu itakaa sawa."

Kisha akanionyesha njia yake. Alichora mraba. Pembe za kushoto akaweka tisa na arobaini na nne, katikati kumi na sita, akatoa kwa mshazari: mafungu ishirini na nane ya mahindi, saba ya soya. Jumla thelathini na tano. Ratili mia saba ukigawa kwa thelathini na tano unapata ishirini. Mahindi ratili mia tano na sitini, soya mia moja na arobaini. Chini yake akaandika mlinganyo wa x uleule, ukatoa majibu yaleyale, ili nione kwamba mraba si uchawi. Nikafuta hamsini, nikaweka kumi na sita, nikachapa mtihani.

Siku ya mtihani nilikuwa nazunguka kati ya meza. Nilimwona Corinne amefika swali la mwisho, ameacha kuandika, ananitazama. Ananitazama mimi, si karatasi. Nikamkazia macho kama ninavyomkazia mtu anayetaka kutegea mazoezi, naye akainama akaendelea.

Nilisahihisha siku ileile darasani, watoto wakifanya kazi nyingine kimya. Karatasi yake ilikuwa haina kosa hata moja. Nilipofika swali la nguruwe, damu ikanipanda. Mraba. Tisa, arobaini na nne, kumi na sita katikati, mshazari. Na juu yake sentensi: "Kwanza tujiulize, kila kitu kinaleta nini?" Sentensi hiyo darasa zima liliijua kwangu, lakini mraba sikuwa nimemwonyesha mtu. Ulikuwa mahali pamoja tu duniani, kwa akili yangu, nao ulikuwa kwenye ukurasa wa swali langu. Basi kafungua simu chini ya meza, nikasema moyoni. Kapiga picha swali, kaukuta ukurasa, kanakili. Vavra ni Vavra.

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa kitu alichokwisha kukiiba. Nikasimama.

"Corinne. Lete simu yako hapa."

"Kocha?"

"Simu. Umenisikia. Umeona wapi huu mraba?"

Braden akageuka kwenye kiti chake. Msichana akaja mbele, akaiweka simu mezani, uso umemwiva kuanzia shingoni.

"Nimeufanya mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo.

"Kaka zako walikuwa na adabu ya kufeli kwa akili zao wenyewe," nikamwambia. Nilisema hivyo. Mbele ya watoto ishirini na mmoja.

Nikaandika ripoti nikaipeleka kwa Bi Ostergaard. Nilijua ninachokifanya. Kila mwaka chuo cha kaunti kinachukua watoto wawili kutoka shule yetu kwenda kusoma hesabu za juu kuanzia mwezi wa kwanza, na majina yalikuwa yapelekwe Ijumaa. Corinne alikuwa wa kwanza kwenye orodha kwa alama za mtihani wa jimbo. Anayepatikana na udanganyifu anapewa sifuri, jina lake linafutwa, na halirudi mpaka amalize shule. Nikasema potelea mbali, nafasi apewe anayestahili.

Jumatano Bi Ostergaard akatuita sote wawili ofisini kwake. Ni mama mnene mwenye sauti ya pole, lakini macho yake hayana pole.

"Lyle, unasema jibu hili umeliona kwenye mtandao."

"Ndiyo. Neno kwa neno."

"Ulikuwa unatafuta nini huko?"

"Nilikuwa nawachunguza," nikasema. "Kujua wanakodanganyia." Uongo ukatoka laini kama siagi.

"Corinne, una la kusema?"

Msichana akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. "Sijaiba kwa mtu, Bi Ostergaard. Kocha anajua lilikotoka."

"Kocha anajua?"

Sikuwa nimeelewa bado, lakini kuna kitu kilichoanza kunitambaa mgongoni, nami nikafanya anachofanya mwoga yeyote.

"Sijui anazungumzia nini," nikasema.

Corinne akafumba mdomo. Bi Ostergaard akaandika kitu, akaniambia nimletee ukurasa huo Ijumaa baada ya masomo, na kwamba atamwita baba wa mtoto.

Usiku kucha maneno yale yalinikaa rohoni. Kocha anajua. Alhamisi mchana ilikuwa zamu yangu kusimamia bwalo. Walikuwa wamepika ile supu ya maharage na nyama ya kusaga, na maandazi ya mdalasini kando, chakula wanachokipenda watoto kuliko vyote, kwa hiyo kelele zilikuwa za kutosha. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nikatoa simu, nikafungua ukurasa wangu, nikasoma tena: mwambie mwalimu wako aweke kumi na sita. Na mwalimu wake akaweka kumi na sita. Mtu yeyote aliyeyaandika maneno yale, kisha akaketi mbele ya mtihani ule, angemjua Nyati papo hapo. Nikamwandikia Korongo: "Wewe ni nani?"

Bwalo lina meza kumi na mbili. Kwenye meza ya mwisho, Corinne alikuwa amekaa peke yake. Tangu siku ile wenzake walikuwa wamemkwepa. Simu yake niliyomrudishia ilikuwa kando ya sahani. Ikawaka. Akaichukua, akasoma. Hakuinua kichwa. Akaandika kwa kidole gumba, polepole, akaiweka chini, akaendelea kukoroga supu ambayo hakuwa anaila.

Simu yangu ikatetemeka mkononi. "Aliyekuambia uweke kumi na sita."

Ndugu yangu, kuna aibu ya kuanguka mbele ya watu, hiyo naijua, nimeangushwa kwenye mkeka mbele ya umati wa jimbo zima. Hii ilikuwa nyingine. Nilihisi kama nimevuliwa nguo na mtu ambaye hata hakutaka kuniona uchi. Nilikumbuka kila jioni niliyokaa kwenye mkeka nikimwandikia mtoto huyu: sielewi, nieleze tena, samahani. Na kila asubuhi nikiingia darasani na maneno yake nikiyauza kama yangu, yeye amekaa nyuma kwenye kipasha joto, ananisikiliza.

Ningekuwa mtu, ningevuka bwalo pale pale. Sikuvuka. Nilitoka nje kwenye baridi, nikasimama karibu na mapipa ya taka, nikaanza kupiga mahesabu. Nikisema, kipaji changu kwisha, na pengine kazi. Nisiposema, mtoto anapoteza nafasi. Nikatafuta njia ya kati. Nikapanga kwamba Ijumaa nitasema ukurasa umefutwa, siupati, basi tusamehe, tusiharibu maisha ya mtoto. Tena nitaonekana mwenye huruma. Nililala na mpango huo, na niseme wazi, niliuona mzuri.

Ijumaa nilipoingia ofisini, Milo Vavra alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kofia juu ya magoti, buti ameziacha nje ya mlango ili asichafue zulia. Ana soksi za sufu, moja imetoboka kidole. Corinne amesimama kando yake. Nilipoingia tu, Milo akainuka.

"Kocha, kabla hatujaanza," akasema. "Mimi nimekuja kukuomba radhi. Dwight alikusumbua. Rudy alikusumbua, najua, ulimvumilia yule. Huyu tulidhani ni tofauti. Mama yake kila siku ananiambia, huyu ni tofauti, Milo. Kumbe damu ni ileile."

"Bwana Vavra..." nikaanza.

"Ngoja nimalize, mimi si mtu wa maneno mengi. Nina nguruwe wawili wanazaa sasa hivi, nimewaacha, kwa sababu baba akiitwa anakuja." Akamgeukia binti yake. "Mwombe kocha msamaha."

"Baba."

"Mwombe, Corinne. Usitutie aibu zaidi."

Corinne akanitazama. Machozi yalikuwa yanamlengalenga lakini hayakudondoka. Nilijua angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Niliona midomo yake inafunguka, nikaelewa kwamba hakuwa anakwenda kunimaliza. Alikuwa anakwenda kuomba msamaha kweli, ili baba yake arudi kwa nguruwe wake.

"Usiombe," nikasema. Mpango wangu mzuri wa ukurasa uliofutwa ukaniishia mdomoni. Nikatoa simu, nikaifungua, nikaiweka mezani kwa Bi Ostergaard. "Ukurasa ni huu."

Akavaa miwani. Akasoma kimoyomoyo, akipandisha ukurasa kwa kidole. Kisha akasoma kwa sauti, "'Mwalimu wetu ni kocha wa mieleka, hajui kitu.' Nani kaandika hivi?"

"Mimi."

"Wewe ndiye Nyati?"

"Ndiyo."

"Una miaka kumi na minne, Lyle?"

Hakuwa anatania.

"Na huyu Korongo anayekufundisha ni nani?"

Milo akakunja uso, akamtazama mwalimu mkuu, akamtazama binti yake.

"Korongo ni huyu," akasema. "Sisi nyumbani ndivyo tunavyomwita, kwa ajili ya miguu yake hiyo mirefu. Kwani vipi?"

"Corinne hakunakili," nikasema. "Ni jibu lake mwenyewe. Nilimuuliza yeye kabla ya mtihani bila kujua ni yeye. Kila nilichofundisha tangu mwezi wa kumi nimekitoa kwake. Na ule mraba..."

"Mraba gani?" Milo akauliza.

Bi Ostergaard akamsogezea karatasi ya mtihani. Milo akaitazama kidogo tu.

"Huu? Huu nachora mimi kila Jumamosi kwenye mfuko wa chakula. Nilimfundisha akiwa na miaka tisa. Kila mfugaji wa hapa anaujua." Niliona jambo zima linamwingia taratibu, hatua kwa hatua. "Ngoja kwanza. Yaani mtoto wangu ndiye anayekufundisha wewe? Halafu wewe ukamwita mwizi mbele ya wenzake?"

"Ndiyo, Bwana Vavra."

Nilitegemea atanipiga. Ningeshukuru. Badala yake alivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa mikono miwili.

"Nimeacha nguruwe wanazaa," akasema, "nikaja hapa kukuomba radhi."

Akatoka. Tulimsikia akihangaika na buti zake nje ya mlango.

Bi Ostergaard akachukua fomu ya chuo, akaandika jina la Corinne Vavra mbele yetu, akagonga muhuri. Akamwambia, "Nenda, mama, basi lisikuache." Kisha akanigeukia mimi. Alisema ripoti itakwenda kwenye bodi ya shule na watakachoamua wataamua. Alisema Jumatatu nitasimama mbele ya darasa lilelile na kusema kila kitu, kuanzia Nyati. Aljebra nitaendelea nayo mpaka mwezi wa sita, si kwa sababu nastahili, bali kwa sababu hana mtu mwingine. Nilitamani anifukuze.

Nilimkuta Corinne kwenye kabati lake kwenye korido, anatoa koti. Nikasimama mbali kidogo.

"Corinne, nimekukosea."

"Ndiyo, Kocha."

"Tangu lini ulijua ni mimi?"

"Siku ya mtihani. Nilipoona kumi na sita."

"Mbona hukusema? Jumatano ungesema, yangekwisha."

"Nilidhani utasema mwenyewe." Akavaa koti, akafunga vifungo. "Nilikupa nafasi. Nilisema Kocha anajua."

"Najua."

"Mimi nilimpenda Nyati," akasema. "Alikuwa hajui, lakini alikuwa anauliza. Hakuwahi kujifanya."

Nikajaribu kusema jambo kuhusu kaka zake, kuhusu ile siku ya kwanza nilipoita majina, nikashindwa kulimaliza. Alingoja nimalize kwa adabu, kama anavyongoja mtu anayekosea hesabu. Alipoona sifiki popote, akabeba mkoba.

"Mtu usiyemjua umemuuliza maswali thelathini na moja, Kocha. Nimeyahesabu jana. Mimi nimekaa darasani kwako tangu mwezi wa nane, hukuniuliza hata moja."

Akaenda kwenye basi. Nikabaki pale koridoni, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi sikuwa na mtu wa kumuuliza nifanye nini.